Samaki wa Tangi Moja

Ukisimama pwani ya Shella, mtaa wa kale wa Malindi, wakati maji yamekupwa, utaona katika vidimbwi vya mwambani samaki wadogo wa rangi nyingi. Huenda ukatamani kuwachukua watatu au wanne na kuwafuga nyumbani katika tangi la kioo. Tamaa hiyo imebeba swali ndani yake: ni samaki gani wawezao kukaa pamoja kwa amani? Swali hili hudhaniwa kuwa dogo, lakini historia yatuonyesha kwamba watu wasiolijibu vema walipata hasara kubwa.

Watu wa pwani walijua tangu zamani kwamba uzuri wa samaki si dalili ya upole wake. Yuko samaki wa mwambani aitwaye kitatange, mwenye rangi za kupendeza mno. Na jina lake hilohilo hupewa mtu mfitini. Chewa naye hutulia pangoni kama mzee mpole, lakini humeza kila samaki aeneaye kinywani mwake. Kwa upande mwingine, yuko samaki mdogo wa rangi ya machungwa na pete nyeupe, akaaye kati ya vidole vichomavyo vya mnyama laini wa baharini. Vidole hivyo huwaumiza wengine, bali yeye humkinga. Naye kwa malipo huwafukuza samaki watakao kumla mwenyeji wake. Basi upatano wa samaki haujulikani kwa rangi, bali kwa tabia, chakula na maji.

Ufugaji wa samaki kwa ajili ya kutazamwa ni kazi ya kale. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China. Nchi hiyo iliyompokea mgeni wetu ilikuwa imekwisha kufuga samaki wa dhahabu kwa karne nyingi, kwanza madimbwini, kisha vyomboni. Huko Uingereza, mwaka 1850, mkemia Robert Warington alieleza jinsi alivyotia katika chombo kimoja samaki wa dhahabu, mmea wa majini na konokono. Mmea uliwapa samaki hewa waihitajiyo, na konokono wakala majani yaliyooza ambayo yalikuwa yakichafua maji. Kila mmoja alikuwa na kazi iliyomfaa mwenziwe. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1853, nyumba ya samaki ikafunguliwa kwa watu wote katika bustani ya wanyama ya London.

Lakini somo kubwa kuliko yote li karibu nasi. Katika Ziwa Victoria waliishi mamia ya aina za furu, samaki wadogo ambao wengi wao hawakupatikana penginepo duniani. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara alitiwa humo kutoka maziwa mengine, kwa matumaini ya kupata samaki mkubwa wa kuvuliwa. Sangara aweza kufikia urefu wa mita 2. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na mwenyeji hakupona. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wamejaa ziwani, na aina nyingi za furu zilitoweka. Ni kweli kwamba sangara alileta biashara na viwanda, na kwamba uchafuzi wa maji na uvuvi wa kupita kiasi navyo viliwadhuru furu. Hata hivyo, aliyekwisha kuliwa harudishwi kwa faida ya sokoni. Baadhi ya furu walionusurika wametunzwa katika matangi ya Ulaya na Marekani, mbali na ziwa lao.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kuwaweka samaki pamoja, uliza mambo matatu. Je, maji yao ni mamoja? Samaki wa bahari hufa katika maji ya mto. Je, watakuwa wakubwa kiasi gani? Aliye sawa na kidole leo huenda akawa sawa na mkono kesho. Je, hula nini, na je, mwenziwe si chakula hicho?

Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 1968 sehemu ya bahari ya Malindi, kusini ya mji, ni hifadhi ya taifa. Ndani yake hairuhusiwi kuchukua samaki wala matumbawe. Huko miamba ilikwisha kujibu swali letu kabla ya mtu yeyote kutengeneza tangi la kioo. Nenda ukawatazame wakiwa kwao. Ukiisha kujua nani humkimbia nani, na nani hukaa na nani, ndipo utakapofaa kuwa mfugaji.