Mgongano wa programu za ovakloki na BIOS

Mgongano wa programu za ovakloki na BIOS ni hali inayotokea pale ambapo programu iliyowekwa ndani ya Windows inaiagiza prosesa ifanye kazi kwa kasi au volteji fulani, huku BIOS ya kompyuta hiyohiyo ikiwa imeagiza kiwango kingine au imefunga mabadiliko hayo. Dalili zake ni kompyuta kuganda, kujizima na kujiwasha, kuonyesha skrini ya buluu, au kutofuata kabisa kiwango kilichochaguliwa.

Ovakloki ni kuendesha prosesa, RAM au kadi ya picha kwa kasi kubwa kuliko iliyoidhinishwa na kiwanda. BIOS ni programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi. Ndiyo ya kwanza kufanya kazi kompyuta inapowashwa. Katika kompyuta za kisasa mfumo huo ni UEFI, ila jina la BIOS limebaki katika matumizi ya kila siku.

## Historia

Mwanzoni ovakloki ilifanyika kwenye ubao mama wenyewe, kwa kuhamisha vijampa au kubadilisha menyu za BIOS. Mfano maarufu ni Celeron 300A ya mwaka 1998: kwa kupandisha basi yake kutoka MHz 66 hadi 100, prosesa ya MHz 300 iliweza kufikia MHz 450.

Baadaye watengenezaji wa prosesa walitoa programu za kufanya kazi hiyo ndani ya Windows. Intel ina Extreme Tuning Utility, maarufu kama XTU, na AMD ina Ryzen Master, iliyokuja na prosesa za Ryzen mwaka 2017. Tangu hapo mipangilio ileile ikawa inaweza kubadilishwa kutoka sehemu mbili.

## Jinsi mgongano unavyotokea

Kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha kasi ya msingi, ambayo kwa kawaida ni MHz 100, kwa namba iitwayo kizidisho. Kizidisho cha 45 hutoa MHz 4,500. BIOS huandika kizidisho, volteji na vikomo vya umeme kompyuta inapowaka. Programu ya Windows huandika viwango vyake baadaye, mara nyingi mtumiaji anapoingia. Kwa hiyo kanuni ya jumla ni kwamba aliyeandika mwisho ndiye anayefuatwa, isipokuwa pale BIOS ilipoweka kufuli.

Hali zinazotokea mara nyingi ni hizi:

* Viwango kurudi nyuma. Kompyuta ikizimwa au kuamka kutoka usingizini, BIOS huweka tena viwango vyake. Mtumiaji huona kasi imeshuka bila sababu.
* Vikomo viwili vya umeme. Katika prosesa nyingi za Intel, kikomo cha wati kinaweza kuwekwa mahali pawili. Kilicho kidogo ndicho kinachofuatwa, hata kama programu inaonyesha kikubwa.
* Menyu mbili za AMD. BIOS nyingi za AMD zina mipangilio ya ovakloki katika menyu ya mtengenezaji wa ubao mama na tena katika menyu ya AMD. Ryzen Master ikiongezwa, zinakuwa sehemu tatu.
* Volteji kufungwa. Desemba 2019 watafiti walitangaza udhaifu ulioitwa Plundervolt, uliotumia kushusha volteji kwa programu ili kuvunja ulinzi wa prosesa za Intel. Intel ilitoa sasisho linalowezesha BIOS kufunga njia hiyo. Ndiyo maana vitufe vya volteji katika XTU vinaweza kuwa vya kijivu.
* Ulinzi wa Windows. XTU inaweza kutopatana na ulinzi wa Windows unaotumia teknolojia ya kompyuta pepe (virtualization), ambao katika kompyuta nyingi za Windows 11 huwa umewashwa tangu mwanzo.

## Utatuzi

Lengo la kwanza ni kubakiza sehemu moja tu inayotoa amri.

1. Nakili kazi muhimu kwenye diski nyingine. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha, kwani mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya Windows iuombe.
2. Rudisha programu ya ovakloki kwenye viwango vya kiwanda, izuie kujiwasha na Windows, kisha iondoe. Programu mbili za aina hii zisikae pamoja.
3. Ingia BIOS na uchague kurudisha viwango vya kiwanda. Kompyuta ikikataa kuwaka, izime, chomoa waya wa umeme na utoe betri ya CR2032 kwa dakika chache.
4. Tumia kompyuta hivyo kwa siku kadhaa. Tatizo likiendelea, chanzo si mgongano. Chunguza RAM kwa MemTest86, kisha feni, pawasaplai na diski.
5. Ikiwa imetulia, chagua BIOS au programu, si zote mbili. Kwa matumizi ya kudumu BIOS ni bora. Programu inafaa zaidi kwa majaribio, kwa kuwa nyingi ya amri zake hufutika kompyuta inapozimwa.
6. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha pima joto na uthabiti kwa programu kama HWiNFO na Prime95.

Kufungua kufuli ya volteji au kuzima ulinzi wa Windows kunapunguza usalama. Haishauriwi kwa kompyuta ya ofisi au inayotumika kwa malipo.

## Mazingira ya Dar es Salaam

Katika vitongoji vya Dar es Salaam kama Tegeta na Bunju wilayani Kinondoni, au Mbagala na Tandika wilayani Temeke, mambo matatu yanaweza kumpotosha fundi.

La kwanza ni umeme. Umeme ukikatika, Windows huandika tukio la Kernel-Power namba 41, na huandika hilohilo ovakloki inapoangusha kompyuta. Tukio hilo peke yake halithibitishi lolote. Likitanguliwa au kufuatwa na makosa ya WHEA, ambayo hutoka kwenye maunzi, ovakloki ni ya kushukiwa. Kama taa za nyumba nazo zilizima, jibu liko wazi.

La pili ni joto. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana jijini hupita nyuzi 30 za Selsiasi, na joto la chumba huongezeka moja kwa moja kwenye joto la prosesa. Kiwango kilichopimwa usiku wa Julai kinaweza kushindwa mchana wa Februari, bila mpangilio wowote kubadilika.

La tatu ni aina ya kompyuta. Kompyuta za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex na HP ProDesk, kwa kawaida hazina menyu ya ovakloki katika BIOS, na prosesa nyingi za Intel zisizo na herufi K zimefungwa kizidisho. XTU ikikataa kuzipandisha kasi, hakuna kilichoharibika. Fedha ya kutafuta ufumbuzi hufaa zaidi kununua RAM au SSD.

## Kusasisha BIOS

Wakati mwingine toleo jipya la BIOS ndilo dawa. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 ziliungua, na BIOS mpya zikaweka kikomo cha volti 1.3 kwa volteji ya SoC. Agosti 2024 Intel ilitoa msimbo 0x129 kwa prosesa za kizazi cha 13 na 14, ambazo baadhi zilikuwa zikidhoofika kwa volteji iliyozidi. Prosesa iliyokwisha kuharibika hairudi hali yake kwa sasisho. Intel iliongeza dhamana kwa miaka 2. Baada ya masasisho hayo, viwango vya zamani vilivyohifadhiwa katika programu vinaweza kukataliwa, hivyo vifutwe kwanza.

Umeme ukikatika BIOS inapoandikwa, ubao mama unaweza kushindwa kuwaka kabisa. Kazi hiyo ifanywe kwa UPS yenye betri nzima, kwa faili lililotoka kwenye tovuti ya mtengenezaji na linalolingana na toleo la ubao mama husika. Stebilaiza pekee haitoshi, kwa kuwa hairekebishi umeme uliokatika. Baadhi ya mbao mama zina kitufe cha kuandika BIOS upya kutoka kwenye flashi hata bila prosesa kufanya kazi; zisizo nacho huhitaji fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu moja kwa moja.