Kesi ya jinai (Tanzania Bara)

Kesi ya jinai ni shauri ambalo dola humshtaki mtu kwa kosa lililotajwa na sheria. Upande wa mashtaka huitwa Jamhuri, na aliyeibiwa au kupigwa huingia mahakamani kama shahidi tu. Jambo hili huwashangaza wengi wanaofika kituoni wakitaka "kuifuta kesi" baada ya kupatana na ndugu au jirani: shauri likishafunguliwa, mwenye mamlaka ya kuliondoa wakati wowote kabla ya hukumu ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Utaratibu wenyewe umo hasa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985. Mahakama za mwanzo zina kanuni zao.

Mambo huanzia polisi. Mlalamikaji huandika maelezo, hupewa namba ya RB (namba ya taarifa yake katika kitabu cha polisi), kisha jalada hukabidhiwa mpelelezi. Mtuhumiwa akishakamatwa, muda wa kawaida wa kumhoji ni saa nne, ambao huweza kuongezwa. Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayotoa polisi baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake, yakichukuliwa nje ya muda huo yanaweza kukataliwa mahakamani hata kama ndani yake mtu amekiri kila kitu. Aliyekamatwa bila hati anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo.

Mahakamani husomewa hati ya mashtaka, naye hukiri au kukana. Kwa mauaji na uhaini hali ni tofauti: mshtakiwa hatakiwi kujibu lolote, kwa kuwa mahakama ya chini haina mamlaka ya kusikiliza makosa hayo, na shauri hubaki hapo likisubiri kuhamishiwa Mahakama Kuu. Makosa hayo, pamoja na unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji wa fedha, hayana dhamana.

Katika hatua ya kutajwa, yaani kesi kuitwa mahakamani huku upelelezi ukiendelea, ndipo kesi nyingi hukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kutajwa si kusikilizwa. Kesi ya aliye mahabusu haiahirishwi kwa zaidi ya siku 15, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili hivi basi la magereza humleta, wakili wa serikali husema upelelezi haujakamilika, hakimu hupanga tarehe nyingine, na basi humrudisha. Hakuna shahidi aliyezungumza. Marekebisho ya 2022 yalizuia mashtaka kufunguliwa kabla ya upelelezi kukamilika, ila makosa mazito yanayokwenda Mahakama Kuu yaliachwa nje, na hayo ndiyo yenye mahabusu wasio na dhamana. Njia nyingine ya kufupisha safari, makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, iliingizwa kwenye sheria mwaka 2019.

Usikilizwaji ukianza, Jamhuri huleta mashahidi na vielelezo, ikitakiwa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka. Ikifunga ushahidi wake, mahakama huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Asipokuwa nayo huachiwa bila kujitetea. Utambuzi wa usiku hupimwa kwa ukali: shahidi huulizwa taa ilikuwa ya aina gani, ilimulika kiasi gani, alikuwa umbali gani na alimtazama mtu huyo kwa muda gani. Waraka uliopokelewa kama kielelezo lazima usomwe kwa sauti mahakamani, na zipo hukumu zilizotenguliwa kwa sababu haukusomwa.

Akitiwa hatiani, mshtakiwa huomba kupunguziwa adhabu, ingawa mara nyingine ombi hilo halina pa kushika. Unyang'anyi wa silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, na mauaji ya kukusudia adhabu yake ni moja tu, kunyongwa, ijapokuwa hakuna aliyenyongwa tangu 1994.

Kwa hukumu ya mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe huwasilishwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Mfungwa huipeleka kupitia kwa mkuu wa gereza. Ngazi ya mwisho ni Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa 1979 baada ya mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki kuvunjika.