Katavi: Hifadhi inayotegemea maji ya Mto Katuma

HIFADHI ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Msafiri atokaye mtaa wa Majengo mjini Mpanda huifikia kwa barabara iendayo Sumbawanga, akipitia Sitalike yaliko makao makuu yake.

Hifadhi imepakana na kuta za milima ya Bonde la Ufa: Mlele upande mmoja na Lyamba lya Mfipa upande mwingine. Humo yamo maporomoko ya Ndido na Chorangwa. Nje ya mipaka yake, upande wa kusini, ipo chemchemi ya maji ya moto iliyokipa jina kijiji cha Maji Moto.

Jina la hifadhi latokana na Katabi, ambaye wenyeji huamini kuwa mzimu wake hukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na huupelekea sadaka.

Uhai wa wanyama wote hao, wakiwemo tembo, simba, twiga na makundi ya nyati yanayoweza kuzidi 1,000, hutegemea Mto Katuma. Mto huo hujaza maziwa ya Katavi na Chada, kisha maji yake huelekea Ziwa Rukwa kwa kupitia Mto Kavuu. Wakati wa masika maziwa hayo hufurika. Ifikapo kati ya Agosti na Oktoba hubaki tope na madimbwi machache. Hapo viboko kwa mamia husongamana, kwa kuwa ngozi yao hupoteza maji upesi wakipigwa na jua, na madume hupigana kugombea nafasi. Mamba nao hujificha katika mapango ya kingo za mto.

Hata hivyo, Katuma hauanzii ndani ya hifadhi. Kabla ya kufika Sitalike hupita katika maeneo ya wakulima, yakiwemo mashamba ya mpunga ya Mwamkulu na Kakese. Maji yanayochepushwa huko kwa ajili ya umwagiliaji, pamoja na misitu inayofyekwa kwenye vyanzo, hupunguza yale yanayowafikia wanyama wakati wa kiangazi.

Mkulima naye anahitaji maji, na mchele wake ndio unaolisha mji wa Mpanda. Lakini mpaka wa hifadhi, hata ukilindwa kwa bunduki, hauwezi kuuzuia mto usikauke. Kuilinda Katavi kunaanzia kwenye vyanzo vya Katuma na katika mifereji ya mashamba.