Hatua ya Pikseli

Anayetafuta droni ya kuchorea ramani huambiwa kwanza megapikseli, kisha dakika inazokaa angani, kisha bei. Megapikseli zenyewe hazisemi lolote kuhusu ramani. Swali lenye maana ni hili: kila pikseli ya picha imebeba kipande gani cha ardhi? Wapima ardhi hukitaja kipimo hicho kwa herufi tatu za Kiingereza, GSD, nacho Kiswahili chake bado kinayumba.

Ukifuata kamusi za haraka zilizomo kwenye simu, utapewa "azimio", kana kwamba picha imekaa kikao na kupitisha jambo. Kwa taifa lililolelewa na Azimio la Arusha la 1967, neno hilo lina kazi nyingine tayari. Wapo wanaosema "umbali wa sampuli ya ardhi", msikilizaji akabaki anauliza ni umbali wa kutoka wapi hadi wapi. "Mwonekano" unasikika vizuri zaidi, lakini ndani yake mna ukungu, mwanga na rangi, mambo ambayo kipimo hiki hakiyahusu.

Mimi nachagua hatua ya pikseli. GSD ni umbali, juu ya ardhi, kati ya kitovu cha pikseli moja na kitovu cha jirani yake. Vijijini kwetu ekari bado hupimwa kwa miguu, hatua sabini kwa sabini, na kila mwenye shamba anajua kuwa mpimaji mwenye hatua ndefu hutoa hesabu nyingine na mwenye fupi nyingine. Kwa hiyo neno limekwisha kuzoea kazi ya kupima; tunaliongezea pikseli tu.

Hatua hiyo hutokana na kamera na kimo kwa pamoja. Zidisha upana wa kihisi cha kamera kwa kimo cha ndege, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi uliozidishwa kwa idadi ya pikseli za upana wa picha. Phantom 4 Pro ya DJI, kwa mfano, ina kihisi chenye upana wa milimita 13.2, fokasi ya milimita 8.8 na picha yenye upana wa pikseli 5,472. Ikiwa mita 100 juu ya ardhi, hatua yake ni sentimita 2.7, na picha moja hufunika mita 150 kwa 100. Ukiishusha hadi mita 50, hatua inakuwa nusu, lakini picha zinazohitajika kwa eneo lilelile huongezeka mara nne. Betri nazo huhitajika zaidi.

Sasa kimo. Droni nyingi hukihesabu kuanzia pale ziliporukia, wala hazijali ardhi iliyo chini yake kwa wakati huo. Mradi wa Ramani Huria ulipochora mitaa inayofurika ya Dar es Salaam, na mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walipoanza kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege ndogo za mabawa aina ya eBee, tofauti kati ya vimo hivyo viwili haikuwa kubwa. Nchi ile haina magenge marefu.

Chiwata ni habari nyingine. Iko Masasi, kwenye ukingo wa magharibi wa uwanda wa juu wa Makonde, pale ardhi inapokatika ghafla. Tuseme umerusha droni ukingoni, umeipangia mita 100, nayo ikatoka kuelekea bondeni ambako ardhi imeshuka mita 150. Sasa iko mita 250 juu ya mikorosho, na hatua imefika karibu sentimita 7 bila mtu kugusa kitufe. Ukiirusha kutoka bondeni kuja juu, ardhi inaipandia: kila picha inafunika eneo dogo zaidi, picha hazipandiani tena inavyotakiwa, na ramani inatoka na matundu. Hiyo ni kama haijagonga mti.

Ndiyo maana kwa kazi ya mahali kama Chiwata ningeuliza kwanza kama droni inaweza kufuata ardhi, yaani kupanda na kushuka pamoja na mteremko kwa kusoma data ya mwinuko. Data ya bure ya SRTM, iliyokusanywa na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000, ina hatua ya mita 30 hivi, kwa hiyo genge kali hulainishwa humo likaonekana mteremko wa kawaida. Acha nafasi ya ziada juu ya miti. Ningechukua pia ya rafadha nne kuliko ya mabawa, maana ya mabawa hutaka uwazi mrefu wa kutua, na kati ya mikorosho uwazi huo ni adimu.

Hatua ndogo kiasi gani? Mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12 huhesabika vizuri hata kwa sentimita 10. Ubwiri unga kwenye maua hautauona hata kwa sentimita 3. Huo unataka mtu ashike shada mkononi.

Na hatua isichanganywe na usahihi. Picha yenye hatua ya sentimita 2 inaweza kukaa mita kadhaa pembeni ya mahali pake kwenye ramani, ikiwa imetegemea kipokezi cha kawaida cha setilaiti. Kwa mpaka wa shamba linaloombewa hati ya hakimiliki ya kimila, alama zilizopimwa ardhini, au kipokezi kinachojisahihisha kikiwa angani, vina thamani kuliko megapikseli za ziada.

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kikishapatikana, kijiji kinachokodi mpigapicha kiandike kwenye mkataba: hatua ya pikseli isizidi sentimita 5 mahali popote pa eneo, bondeni na mlimani, kimo kikihesabiwa kutoka ardhi iliyo chini ya ndege.