UZI: "Kama huna la kuficha, unaogopa nini?"

1/ Kila mjadala wa serikali kufuatilia simu na data zetu ukianza humu, hakosi mtu wa kuuliza swali hilo. Leo nalijibu kwa historia. Kama kawaida, sitaji mwanasiasa wala chama.

2/ Tuanze na jina. Kwetu Myanga, wazee bado wanaita kitambulisho "kipande". Sheria ya kusajili Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake. Aliibeba ndani ya kikopo cha chuma, kimening'inia shingoni.

3/ Sasa chukua mtu wa Bungoma aliyeenda kufanya kazi shamba la mzungu kule Kitale. Akipigwa au akipunjwa mshahara, hawezi kujiendea tu nyumbani. Mwajiri asipotia sahihi kwenye kipande, kuondoka ni kosa, na rekodi yake inatumika kumsaka. Kwani huyo alikuwa anaficha nini? Hakuna. Alitaka tu kuacha kazi.

4/ Kwenye karatasi, huo ulikuwa usajili wa kawaida. Watu walipinga, wengine wakapigwa risasi Nairobi Machi 1922. Kikopo cha shingoni kilikuja kuondoka 1947, sheria mpya ilipoanza kusajili watu wa rangi zote. Hiyo ni zaidi ya miaka 25.

5/ Uhuru ukaja, lakini upelelezi haukuondoka na mzungu. 1982 nchi ikafanywa ya chama kimoja kwa sheria. Kuanzia 1986, polisi wa ujasusi, wale watu walizoea kuwaita Special Branch, wakawasaka walioshukiwa kuwa kwenye kundi la siri la upinzani: wahadhiri, wanafunzi, wanahabari, hata wakulima. Wengi waliteswa kwenye seli za chini ya Nyayo House, nyingine zikijazwa maji. Ni jengo lile lile ambako watu walipangia foleni ya pasipoti.

6/ Seli hizo zilifunguliwa kwa umma 2003, na baadaye mahakama ikawapa fidia waathiriwa wengi. Fidia inatoka wapi? Kodi yetu. Yaani mwananchi analipia kupelelezwa, halafu analipia tena madhara yake.

7/ Lakini kuna gharama isiyoandikwa kwenye bajeti. Kukhu wangu akitaka kuongea siasa, hadi leo, anaongeza redio kwanza kisha anapunguza sauti yake. Hajawahi kukamatwa. Alijifunza tu kwamba jirani anaweza kuwa sikio la chifu. Serikali haikuhitaji kumsikiliza kila mtu. Ilitosha kila mtu aamini anasikilizwa.

8/ Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inalinda faragha yetu, mawasiliano yakiwemo. Halafu 2019 ikaja Huduma Namba. Mama alipanga foleni, akatoa alama za vidole. Sheria ya kulinda data ilipitishwa Novemba mwaka huo, watu wakiwa washasajiliwa. Soma tena: data kwanza, ulinzi baadaye.

9/ Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataa kukusanywa kwa DNA. Oktoba 2021 ikasema kadi zilitolewa kinyume cha sheria, manake hatari kwa data za watu haikutathminiwa kwanza. Mabilioni yalikuwa yameshatumika.

10/ Sisemi nchi ikae bila ujasusi. Garissa 2015 tulipoteza watu 148, na familia zao zina haki ya kuuliza nani alikuwa macho. Lakini sisi pia tuulize: nani anatoa kibali cha kufuatilia simu yangu, jaji au afisa? Data inakaa miaka mingapi? Ikitumiwa vibaya, nani anajibu?

11/ Kwa hivyo ukiulizwa unaogopa nini, mkumbushe yule wa Kitale. Hakuwa na la kuficha, na kipande kilimfunga vile vile. Sio yeye aliyeamua kosa ni lipi.

Mwisho wa uzi. Nani kwenu alivaa kipande? Muulize mzee wako, kisha utuandikie hapa chini.