Nani Aliyeiangusha Pate?

Anayetaka kujua Waswahili wa zamani walitafakari vipi juu ya maisha na kutodumu kwake huelekezwa upesi kwenye Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anaukanya moyo wake usiipende dunia isiyo na ahadi, na ushahidi anaoutoa ni mji wa Pate, kisiwani kaskazini mwa pwani ya Kenya ya leo: majumba ya fahari yamekuwa magofu, na zidaka zilizopambwa kwa vyombo vya kaure sasa ni makao ya ndege. Tangu hapo Pate imekuwa mfano wa hadaa ya dunia. Mafunzo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Pate iliangushwa na maamuzi ya watu, na anayeliona anguko lake kuwa majaliwa matupu hukosa nusu ya funzo.

Utajiri wa Pate ulitoka baharini. Pembe za ndovu zilipita mikononi mwa wafanyabiashara wake, nguo na kaure zikarudi, na jasho la watumwa lilikuwa ndani ya neema hiyo. Mji wa namna hii huhitaji masikilizano na majirani na utulivu katika nyumba ya utawala. Pate ilivikosa vyote viwili. Wanabahani, ukoo uliotawala Pate, waligombea kiti mara kwa mara, na wagombea wakatafuta nguvu nje. Karibu mwaka 1812 Pate iliungana na Mazrui, watawala wa Mombasa, kuushambulia mji jirani wa Lamu. Jeshi lao lilishuka Shela, kwenye kisiwa cha Lamu, likashindwa vibaya. Masimulizi ya Lamu yanasema maji yalikupwa, vyombo vikakwama, na waliokimbia wakakosa pa kupitia. Lamu, kwa kuhofia kisasi, ikaomba ulinzi wa Seyyid Said, mtawala wa Oman, naye akapata mguu wa kusimama pwani. Kufikia 1837 Mombasa nayo ilikuwa mkononi mwake, na Unguja ikawa kitovu cha biashara. Pate ilikuwa imemfungulia mlango yule aliyeifunika.

Wapo watakaosema bandari ndiyo iliyoiponza, kwa kuwa ni ya maji haba na hufikika vizuri wakati wa maji kujaa tu. Lakini Pate ilitajirika kwa bandari hiyo hiyo. Wengine watasema, kwa haki zaidi, kwamba Sayyid Abdallah hakuandika tarikhi: alifuata mapokeo ya Kiislamu ya kuipa dunia kisogo, ambamo magofu ni mawaidha, na hakuwajibika kutaja sababu za vita. Nakubali. Alilolitaka alilitimiza kwa ufasaha ambao wachache wameufikia. Lakini wajibu usiokuwa wake ni wetu sisi tunaousoma utungo huo kama kumbukumbu ya mji. Tukinyamazia Shela, tunawaondolea lawama waliochagua vita, na tunawasahau watumwa waliojenga fahari ambayo wao hawakuimiliki.

Kwa hiyo imani kwamba kesho haina hakika isiwe kisingizio cha kukunja mikono. Historia ya Pate inaonyesha kinyume chake: kwa sababu hakuna neema iliyodhaminiwa, masikilizano na jirani na haki nyumbani vinahitaji kulindwa kila kizazi. Kifo hakina mchaguzi. Vita vya Shela vilikuwa na wachaguzi.