Everlyn Nicodemus: Mchoraji wa Marangu aliyeugeuza uchungu kuwa sanaa

Mchoraji Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu, mkoani Kilimanjaro, mwaka 1954, akahamia Sweden mwaka 1973. Huko alikumbana na ubaguzi wa rangi. Alisomea anthropolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Stockholm, lakini hakuridhika na namna fani hiyo ilivyowatazama watu, akageukia uchoraji. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980.

Mwaka 1982 alijichora kwa nyuso kadhaa zilizopandana. Miaka 40 baadaye, jumba la National Portrait Gallery la London liliinunua picha hiyo, ya kwanza katika hazina yake iliyochorwa na mwanamke mweusi aliyejichora mwenyewe.

Utafiti wake wa shahada ya uzamivu, aliyoipata mwaka 2012, ulihusu sanaa na majeraha ya nafsi.